Kwa Nini Tunaomba Madaftari: Ufuatiliaji wa Vifo na Magonjwa ya Kuambukiza katika Jamii ya Goweko



Katika maombi ya bajeti ambayo ofisi ya miradi imewatumia kipo kipengele kimoja kilichozua maswali mengi kuliko hata kile cha visima. Kimeandikwa kwa kifupi: madaftari makubwa, kalamu, mifuko ya nailoni, vocha za simu na vipuri vya baiskeli, kwa ajili ya ufuatiliaji wa vifo na magonjwa ya kuambukiza katika vijiji vya Goweko. Wapo wahisani waliotuuliza, kwa upole, kama si afadhali fedha hizo ziongezwe kwenye dawa. Na wapo wazee wa kanisa waliotuuliza, si kwa upole sana, kuhesabu wafu kunamsaidia nini aliye hai. Tumeona tujibu kwa kirefu kidogo.

NJIA YA MISAFARA, NJIA YA MAGONJWA

Goweko ipo Wilaya ya Uyui, mashariki ya mji wa Tabora, kando ya Reli ya Kati. Kabla reli haijafika Tabora mwaka 1912, watu na mizigo walipita nchi hii kwa miguu. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda pwani na kurudi na nguo na shanga, na katika misafara hiyo hiyo walikuwamo watu waliofungwa minyororo. Njia ilipita Tura, Rubuga na Kigwa hadi Unyanyembe. Tura na Kigwa ni majina ya kata za wilaya yetu hadi leo. Burton na Speke walifika Kazeh, yaani Tabora, mwezi Novemba 1857 kwa njia hiyo.

Magonjwa nayo yalipita hapo hapo. Ndui ilitembea na misafara, na mpagazi aliyeugua aliachwa njiani. Katika vibanda vya kupumzikia walijificha papasi, na msafiri aliyelala humo aliondoka na homa inayopoa na kurudi. Mwaka 1905 daktari Mjerumani Robert Koch alikuja kuichunguza homa hiyo, akaonyesha kwamba papasi wa kwenye vituo vya misafara ndio waliokuwa wakiieneza. Mwaka huo huo Dk. Dutton, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kama hiyo Kongo, alifariki kwa homa hiyo hiyo.

Lakini mtu tunayependa kamati zetu zimfahamu zaidi ni Dk. James Christie, aliyekuwa tabibu Unguja wakati kipindupindu kilipoingia mwaka 1869. Kijidudu cha ugonjwa huo Koch alikuwa bado hajakitangaza. Hilo lilikuja mwaka 1884. Christie hakuwa na maabara. Alichofanya ni kuuliza. Aliwauliza wafanyabiashara na watu wa misafara: watu walianza kufa wapi, lini, na waliokuja na ugonjwa walitokea wapi? Kwa majibu hayo aliweza kuonyesha kwamba safari ile kipindupindu hakikuja Unguja kwa jahazi kutoka ng'ambo, bali kilishuka kwa nchi kavu kupitia Umasaini hadi Pangani, ndipo kikavuka bahari. Kitabu chake kilitoka mwaka 1876. Mpaka leo ufuatiliaji wa magonjwa una maswali yale yale: nani, wapi, lini, na alikuwa na nani.

KANISA LETU NA VITABU VYA WAFU

Wengine wanadhani kazi hii ni ya serikali peke yake na kwamba Kanisa limejiingiza. Historia ya Walutheri inasema vingine. Nchini Uswidi sheria ya kanisa ya mwaka 1686 iliwataka wachungaji kutunza vitabu vya sharika zao, na kuanzia mwaka 1749 walitakiwa kujaza majedwali ya waliozaliwa na waliofariki, umri wao, na ugonjwa uliowaua. Mchungaji hakuwa mganga, na mara nyingi aliandika alichoambiwa na wafiwa. Hata hivyo majedwali hayo yalipojumlishwa yalionyesha jinsi ndui ilivyokuwa ikimaliza watoto, na baada ya chanjo kuanza huko mwaka 1801 yalionyesha jinsi vifo hivyo vilivyopungua. Wachungaji na watumishi wa sharika walishiriki hata katika kuchanja.

Sisi nasi tuna kitabu cha mazishi katika kila usharika. Wengi wetu hukifungua tu pale mtu anapodai uthibitisho kwa ajili ya mirathi. Tunashauri kila kamati ikifungue na kukisoma kama taarifa ya afya. Someni, kwa mfano, miezi ya mwanzo ya mwaka 2021. Kati ya Mei 2020 na katikati ya 2021 takwimu za COVID-19 hazikuwa zikitolewa nchini mwetu, lakini vitabu vya mazishi havikufungwa.

Pamoja na hayo kitabu hicho kina upungufu, nao ni mkubwa. Kinaandika washarika tu. Goweko wapo Waislamu, Wakatoliki, Wamoraviani, Waanglikana, na wapo wasio na dini hizi. Kipindupindu hakiulizi cheti cha ubatizo. Zaidi ya hapo, mtoto aliyefariki akiwa na siku tatu, kabla ya kubatizwa, mara nyingi haandikwi popote. Akina mama humzika kimya kimya, kengele haigongwi, na wiki inayofuata hakuna anayemtaja. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikadiria kuwa Tanzania Bara na Visiwani, kati ya kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 24 hufariki kabla ya kutimiza mwezi mmoja, na 43 kabla ya kutimiza miaka mitano. Yaani zaidi ya nusu ya vifo vyote vya watoto wadogo hutokea katika mwezi ule ambao vitabu vyetu haviuoni. Ndiyo maana tunaomba daftari la kitongoji kizima, na si la usharika.

Kisheria kila kifo kinapaswa kutolewa taarifa kwa msajili ndani ya siku 30. Kijijini maiti huzikwa siku ile ile au kesho yake, na cheti hutafutwa baadaye kama kuna mafao au ugomvi wa mali. Mwanamke asiye na shamba kwa jina lake, au mtoto, hana cha kurithiwa, basi hana cheti. Zahanati nayo inaandika vizuri katika vitabu vyake vya MTUHA wale waliofika zahanati. Aliyefia nyumbani, au kwenye kambi ya tumbaku, au porini kwenye mizinga ya nyuki, hayumo.

NCHI YETU IMEKWISHA KUJIFUNZA NINI

Mwaka 1992 Wizara ya Afya kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza ilianza mradi wa kufuatilia vifo katika maeneo ya Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Uliendelea hadi mwaka 2004. Wafuatiliaji walipita nyumba kwa nyumba, na palipotokea kifo alifika mtu aliyefundishwa kuzungumza na wafiwa baada ya siku za msiba kupita. Aliuliza dalili moja baada ya nyingine: homa ilianza lini, aliharisha, alikohoa kwa muda gani, alikonda, alikuwa mjamzito? Majibu yalisomwa na waganga waliokadiria chanzo cha kifo. Njia hii si sahihi kama kipimo cha maabara, lakini kwa mtu aliyekwisha kuzikwa ndiyo njia iliyobaki.

Mfano wa pili unawahusu wahisani zaidi. Kuanzia mwaka 1997 halmashauri za Rufiji na Morogoro Vijijini zilisaidiwa kulinganisha mambo mawili: watu wetu wanakufa kwa nini, na fedha zetu za afya zinakwenda wapi? Huko Morogoro ilionekana kwamba malaria ilichukua kama asilimia 30 ya miaka ya uhai iliyokuwa ikipotea, lakini katika bajeti ya afya ya mwaka 1996 ilipewa kama asilimia 5. Bajeti ikapangwa upya, wahudumu wakafundishwa, na kukawa na nyongeza ya fedha, ingawa ndogo. Katika miaka mitano hivi vifo vya watoto katika wilaya hizo vilipungua kwa zaidi ya asilimia 40. Hatusemi kwamba daftari peke yake lilifanya hayo. Lakini bila daftari wasingejua pa kuhamishia fedha.

Huko huko Rufiji kulitoka jambo linalotugusa sisi wahubiri. Tumezoea kusema kwamba watoto wanakufa kwa degedege kwa sababu wazazi wanakimbilia kwa waganga wa kienyeji. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulionyesha kuwa wengi wa waliofariki kwa malaria walikuwa wamepelekwa kwanza kwenye tiba ya kisasa. Tatizo kwa wengi lilikuwa kuchelewa, au dawa, au huduma waliyoikuta. Tumewalaumu wafiwa kwenye mahubiri ya mazishi kwa kosa ambalo wengi wao hawakulifanya. Na sisi Tabora neno hili tulisikie vizuri, maana utafiti ule wa 2022 ulikuta vimelea vya malaria kwa asilimia 23 ya watoto wa mkoa wetu wenye miezi 6 hadi 59, kiwango cha juu kuliko mkoa wowote, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 8.

DAFTARI LINAANDIKWAJE

Kila kitongoji kinachagua mwandishi mmoja, na tunapendekeza awe mhudumu wa afya ya jamii pale alipo. Serikali ilizindua mwezi Januari 2024 mpango wa kuwapata wahudumu 137,294 nchi nzima katika miaka mitano, na si busara Kanisa kuanzisha kundi jingine la kushindana nao. Mwandishi anaanza kwa kuorodhesha kaya na idadi ya watu, kwa sababu vifo vitatu katika watu 200 si sawa na vifo vitatu katika watu 3,000. Kisha kila kifo kinaandikwa: tarehe, umri, mume au mke, alifia nyumbani au kituoni au njiani, aliugua siku ngapi, dalili kwa maneno ya ndugu, alipelekwa wapi kwanza na wapi baadaye, na kama yupo mwingine nyumbani anayeugua vivyo hivyo. Kwa mwanamke, iulizwe kama alikuwa mjamzito au alijifungua katika wiki sita zilizopita.

Tunasisitiza maneno ya ndugu. Mwandishi asiandike "malaria" kama aliambiwa "homa na degedege". Asiandike "kipindupindu" kama aliambiwa "aliharisha maji meupe tangu alfajiri, jioni akafa". Ndugu wakisema mtu amerogwa, asibishane nao. Aulize tu: aliporogwa aliumwa nini? Aandike hicho.

Kwa viwango vya nchi yetu, kijiji cha watu 3,000 kinaweza kutegemea vifo kama 20 kwa mwaka, yaani kimoja au viwili kwa mwezi. Hapo ndipo mwandishi anapata macho. Vifo vinne katika wiki moja ni taarifa ya siku hiyo hiyo, hata kama kila kimoja kina maelezo yake. Watu wawili wa nyumba moja waliougua homa na kutokwa damu ni taarifa ya saa hiyo hiyo, na maiti isioshwe wala kuguswa kabla ya wataalamu kufika. Kwa upande mwingine, kijiji kinacholeta sifuri miezi sita mfululizo hatukipongezi. Tunakwenda kuangalia kama mwandishi bado yupo.

Yapo magonjwa ambayo mgonjwa mmoja anatosha kupiga simu, wala tusisubiri afe: kipindupindu, surua, pepopunda kwa mtoto mchanga, kimeta, mtu aliyeng'atwa na mbwa anayeshukiwa kichaa, mtoto aliyelegea mguu au mkono ghafla. Na malale, ambayo sisi wa nchi ya miombo na mbung'o hatuwezi kuyasahau. Taarifa inakwenda kwa mganga wa zahanati, naye anaipeleka kwa Mganga Mkuu wa Wilaya. Namba 199 ya Wizara ya Afya haina malipo. Mifugo nayo iangaliwe: ng'ombe wanaotupa mimba kwa wingi baada ya mvua kubwa huweza kuwa dalili ya Homa ya Bonde la Ufa, iliyoua watu zaidi ya 100 nchini mwaka 2007.

Kama mnaona tunatisha watu bure, kumbukeni Kagera. Machi 2023 Serikali ilithibitisha Marburg katika Wilaya ya Bukoba; watu tisa waliugua na sita wakafariki, na tarehe 2 Juni ugonjwa ukatangazwa kuisha. Januari 2025 ukathibitishwa tena, safari hii Biharamulo. Hesabu ya mwisho ilikuwa watu kumi, wote wakafariki, na wanane kati yao hawakuwahi kuthibitishwa kwa maabara. Waliingizwa katika hesabu kwa sababu ya dalili walizokuwa nazo na watu waliokutana nao, mambo ambayo yanajulikana pale tu wanapokuwapo wa kuyakumbuka na kuyaeleza. Na huko Ruangwa mkoani Lindi, Julai 2022, ugonjwa usiojulikana uliotokea ukaja kutambuliwa kuwa homa ya mgunda, inayotibika kwa dawa za kawaida ikiwahiwa.

HOFU MBILI

Ya kwanza ni ya Maandiko. Wapo waumini wanaosema Daudi alihesabu watu na tauni ikaja. Ni kweli imeandikwa hivyo katika 2 Samweli 24. Lakini kipo pia Kitabu cha Hesabu, ambamo Mungu mwenyewe anamwagiza Musa kuhesabu. Tunawaomba wachungaji walifundishe jambo hili kabla daftari halijafika, kwa sababu likifika kwanza daftari, mwandishi ndiye atakayeulizwa, naye hana majibu.

Ya pili ni nzito zaidi, na tunaomba kamati zisiipitie haraka. Mkoani kwetu kifo cha tatu katika mji mmoja huleta swali la nani amefanya. Mwezi Julai 2017 wanawake watano waliuawa na kuchomwa moto wilayani Nzega kwa kudaiwa kuwa wachawi. Mara nyingi anayetajwa ni bibi kizee mwenye macho mekundu, na macho hayo ni moshi wa kuni wa miaka sitini. Daftari linaweza kumwokoa bibi huyu. Mwandishi anapoweza kuonyesha mbele ya mkutano wa kitongoji kwamba wote watatu waliharisha, na wote walichota kisima kimoja kilichoingiliwa na maji ya mvua, watu hupata mahali pengine pa kuelekeza hasira yao. Lakini daftari linaweza pia kumwua. Orodha ya vifo ikiangukia mikononi mwa mtu anayetafuta mchawi, amekwisha kupata karatasi ya kumpelekea mganga wa ramli.

Kwa sababu hiyo tumeweka masharti yasiyojadiliwa. Daftari halina safu ya "nani anahusika". Nakala inayotoka kitongojini haina majina. Daftari lenyewe linakaa kwa mwandishi, ndani ya mfuko wake, na mtu yeyote, awe mwenyekiti, mchungaji au shehe, asilichukue nyumbani. Mambo ya Virusi vya UKIMWI hayaandikwi kabisa. Yana utaratibu wake kituoni. Anayechaguliwa asiwe mtu mwenye kesi ya shamba na majirani. Na mwandishi akisikia jina la mtu likitajwa kwa uchawi, hiyo nayo ni taarifa ya siku hiyo hiyo, kwa mtendaji wa kijiji na polisi.

KUHUSU FEDHA

Tunajua daftari halipigwi picha nzuri. Wodi mpya ina ubao wa majina ya waliotoa. Daftari lina mafuta ya taa na alama za vidole. Tunachoomba si kiasi kikubwa bali muda mrefu. Ufuatiliaji wa mwaka mmoja hauna thamani, kwa sababu mwaka wa kwanza unafundisha tu hali ya kawaida ikoje. Mwaka wa pili ndipo unajua kwamba Machi hii si kama Machi iliyopita. Mhisani anayeweza kutoa kidogo kwa miaka mitano anatufaa kuliko anayetoa kingi mara moja.

Kamati nazo zina deni lao, la kurudisha taarifa. Kazi nyingi za aina hii hufa kwa sababu karatasi hupanda Isikizya na Tabora, na hazirudi. Mwandishi anaandika miaka miwili, haambiwi lolote, anaacha. Kila robo mwaka jumla isomwe kwenye mkutano wa kijiji, bila majina: vifo vingapi, vingapi vya watoto wachanga, vingapi nyumbani, dalili gani zimezidi. Wananchi waulizwe wanaona nini. Mara nyingine watasema jambo ambalo ofisi isingelifikiria, kwamba mtumbwi umezama, au kwamba muuza dawa wa mnadani amekuja na vidonge vya bei rahisi.

Sharika ambazo bado hazijakutana na viongozi wa msikiti na wa makanisa mengine juu ya uchaguzi wa waandishi zifanye hivyo kabla ya mvua za Novemba. Majina, pamoja na idadi ya kaya za kila kitongoji, yapelekwe kwa Mkuu wa Jimbo. Madaftari yatatolewa kwa vitongoji vilivyokwisha kuorodhesha kaya zao, tukianza na vile vilivyo mbali na reli, ambako mvua zikinyesha baiskeli haipiti.